Niko Njiani: Miaka ya Kulala Sharja na Kuendesha Basi Dubai

Bakari, na nyinyi wengine mnaobaki hapo yadi. Siku ya kuniaga mlinipa keki na saa ya ukutani. Keki niliielewa. Saa sijaielewa mpaka leo. Mtu ameamka kabla ya adhana maisha yake yote ya kazi, siku anaachiliwa alale mnamkabidhi kitu cha kumwambia ni saa ngapi. Ahsanteni sana. Nimeitundika chooni.

Kabla sijaondoka, Bakari alinivuta kando pale kwenye mashine ya upepo wa tairi akaniuliza, "Mzee Masudi, nimepata nyumba Sharja. Vyumba viwili, jiko langu mwenyewe. Nataka nimlete mke wangu na mtoto. Kazi nitakuwa nakuja tu hapa Dubai kila siku. Waonaje?"

Nikamwambia, "Nitakujibu, inshallah." Halafu nikapanda ndege nikakimbia. Sasa niko Likoni, nyumbani, na huku sina pa kukimbilia tena, kwa hivyo najibu kwa kuandika. Mtavumilia maandishi yangu. Shule niliachia Form Two, mimi na mwalimu wa hesabu tulipokubaliana kila mtu ashike njia yake. Mshahara na vyeo sitavitaja. Vyeo sikupata, na mshahara ulikuwa ukipita tu kunisalimia.

Nilifika Dubai nikiwa dereva wa lori la simiti kutoka Mombasa, na nilijiona bingwa. Siku ya kwanza nilipelekwa kwa Ammi Seif, msimamizi wa madereva wa mabasi ya shule. Nyinyi wengi hamkumkuta. Alikuwa Mzanzibari wa wale wa zamani, familia yake ilishakaa Dubai kabla ya hayo majengo marefu, na Kiunguja chake hakikuingia mchanga hata kidogo. Aliniuliza nilikuwa nabeba nini kwetu.

"Simiti, Ammi."

"Simiti haitapiki," akasema. Akachukua gilasi yake ya karak, imejaa mpaka mdomoni, akaiweka juu ya dashibodi mbele yangu. "Haya, zunguka uwanja. Chai yangu isimwagike."

Kona ya kwanza ile chai ilikuwa mapajani kwangu. Ya moto. Nikaruka, nikakanyaga breki, na gilasi nayo ikanifuata. Ammi Seif hakucheka, akaagiza nyingine. Tulifanya hivyo asubuhi nzima, na suruali yangu ilinuka iliki wiki nzima. Lakini ndivyo nilivyojifunza. Ukimbeba mtoto hushiki breki, unaiomba. Mpaka nastaafu nilikuwa bado naiona ile gilasi pale mbele.

Jambo la pili alilonifunza ni kutembea mpaka nyuma. Siku hizi mna kile kitufe cha nyuma kinachopiga kelele usipokwenda kukibonyeza. Zamani kitufe kilikuwa Ammi Seif. Watoto wakishashuka, huzimi basi ukaenda zako. Unatembea kiti kwa kiti, unainama, unaangalia chini, mpaka kile kiti kirefu cha mwisho. "Joto la hapa halikupi nafasi ya kuja kusema samahani," alikuwa akisema. Nikashika. Nyumba yangu mwenyewe sikuzoea kuiangalia hivyo, lakini basi nililiangalia.

Njia yangu ilikuwa Al Warqa, zile nyumba za kifahari, nawachukua watoto nawapeleka shule moja kule Silicon Oasis. Watoto wote waliniita Uncle. Isipokuwa mmoja, Salma, kitoto cha Kizanzibari, kichwa hakijafika kwenye dirisha. Bibi yake alikuwa anamsindikiza mpaka mlangoni pa basi na kumshika bega. Hampandishi mpaka aseme.

"Shikamoo, Ammi."

"Marahaba, mama. Panda."

Kila siku ya Mungu. Katikati ya wale watoto wa "hi Uncle, bye Uncle", mmoja ananipa shikamoo. Nilikuwa nikiisubiri kama mtu anavyosubiri chai. Kumbukeni huyo Salma, nitamrudia.

Wakati huo nilikuwa nalala kambini na wanaume wenzangu, vitanda vya ghorofa, na mke wangu alikuwa Likoni na mtoto mchanga. Mke wangu ni Mwanajuma, lakini tangu azae yeye ni Mama Rukia na hataki jina jingine. Kila nikimpigia simu aliniuliza swali moja.

"Baba Rukia, mimi niliolewa na mtu ama niliolewa na simu?"

"Na mtu."

"Basi mtu huyo nimuone."

Kafeel wangu wa wakati ule, yaani mwajiri aliyenidhamini, alikuwa mtu mwema, akanisaidia viza ya mke na mtoto. Ilibaki nyumba. Dubai, nyumba ya kumuweka mke kwa uwezo wangu haikuwepo, labda nipange kivuli cha nyumba. Sharja ilikuwepo. Ni emireti ya jirani tu, ukitazama kwenye ramani unaifunika kwa kidole. Nikaenda kuiona. Chumba, sebule, jiko, na kijibaraza cha kuanika nguo. Nilisimama kwenye hilo jiko nikafungua mfereji na kuufunga, nikafungua tena. Maji yangu mwenyewe!

Nikamwambia Ammi Seif. Alikuwa anakunywa karak, na mimi nikasimama mbali, nilishajifunza.

"Sharja?" akasema. "Sikiliza, Masudi. Nyumba utapata. Jiko utapata, na pa kuanika nguo utapata. Lakini we mwenyewe hutokuwemo."

"Si mbali, Ammi. Ni hapo tu."

"Hapo tu. Wanaokaa hapo tu nawajua. Waulize watoto wao baba zao wana sura gani."

Nikacheka. Nilidhani ananitania. Halafu nikaona mzee anasema hivyo kwa sababu yeye ana nyumba Dubai ya urithi, kwa hivyo ni rahisi kwake. Nikalipa, Mama Rukia na mtoto wakatua Dubai, tukahamia.

Siku ya kuhama niliwatia aibu Waswahili wote. Mimi nimezaliwa Lunga Lunga, mpakani. Nusu ya ukoo wetu ni Kenya, nusu ni Tanzania, na mpaka naujua: geti, askari, foleni, muhuri, mtu anakuuliza unakwenda wapi na unarudi lini. Sasa nimeambiwa Sharja ni emireti nyingine, ina mtawala wake, ina polisi wake. Nikapiga pasi kanzu. Nikamvalisha Mama Rukia buibui jipya, mtoto nikamtia soksi. Pasipoti zote tatu mkononi. Tuko mbele kwenye pikapu ya Mpathani mmoja, dereva wa Kipakistani, magodoro nyuma, na mimi kila tukipunguza mwendo nashusha kioo, nanyoosha shingo, nashika pasipoti vizuri.

Mwisho nikamuuliza, "Border? Where border?"

Akanitazama mkono na pasipoti zangu. "Border khalas, my friend. Back, back. Long time."

Tulishavuka. Kulikuwa na ubao barabarani na mimi nilikuwa natafuta askari. Mama Rukia alicheka mpaka akalazimika kunipa mtoto. "Umempigia pasi nani hiyo kanzu? Tairi?"

Hicho kicheko bado nakisikia, na sasa kinaniuma. Kule Lunga Lunga askari akikukatalia, unakasirika, unarudi kwenu kulala. Huku hakuna aliyenikatalia. Nilipita na familia yangu nzima na hakuna mtu aliyeniuliza unarudi lini.

Sasa Bakari, nikueleze siku inavyokwenda, maana wenye nyumba hawakuelezi. Unatoka gizani ukapande karlifti, gari la mtu binafsi mnalochangia kumlipa, mmejibana magoti yanagusana. Asubuhi barabara ina huruma kidogo. Unafika yadi, unaangalia tairi, mafuta, unawasha AC mapema watoto wasikute tanuri. Unawapeleka shule. Halafu hapo katikati, kutoka asubuhi mpaka watoto watoke, huna kazi. Saa nyingi nzuri! Wenzangu waliokaa karibu walikuwa wanakwenda kulala vitandani kwao. Mimi nikipiga hesabu ya kwenda Sharja na kurudi, ningefika mlangoni, nibishe hodi, nigeuze. Nilikuwa nalala kwenye kile kiti kirefu cha nyuma ya basi, miguu imening'inia kwenye ujia. Ndicho kiti nilichokuwa nakikagua asubuhi kama kuna mtoto amesahaulika.

Jioni ndiyo balaa. Nchi nzima inataka kwenda Sharja kwa wakati mmoja. Mnasimama. Taa nyekundu mbele yenu mpaka macho yanakata tamaa. Na simu zinaanza. Nyinyi wa kwetu mnalijua neno "niko njiani". Mombasa mtu akikuambia niko njiani, bado anatafuta kiatu cha pili. Sasa mimi nilikuwa njiani kweli, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nasema kweli, na mke wangu haamini.

"Uko wapi?"

"Niko njiani."

"Njiani gani hiyo kila siku? Piga honi nisikie."

Nikamwomba dereva wa karlifti apige honi. Akapiga. Na wa nyuma yetu akapiga, na wa pembeni, wote wakidhani njia imefunguka. Mama Rukia akasema, "Haya, nimesikia. Mtoto anataka kulala, msalimie." Na Rukia, ambaye alikuwa ndio anaanza kusema, anapewa simu: "Shikamoo, baba." "Marahaba, mama." "Baba, uko wapi?" "Niko njiani, mama." Nikifika amelala. Nikiondoka amelala. Ijumaa nalala mimi, kama mzigo, na Mama Rukia anamwambia mtoto anyamaze, baba wa watu amechoka. Zikija likizo za shule, kafeel alinitia kwenye mabasi ya wafanyakazi, hakuna kupumzika. Ndivyo tulivyoishi pamoja, familia moja, nyumba moja, jiko letu wenyewe.

Asubuhi Salma: "Shikamoo, Ammi." Jioni Rukia, kwenye simu. Nikajiona tajiri wa shikamoo. Kweli, ujinga wangu ulikuwa hauna mpaka, kama Sharja.

Ikaja siku ya mwisho ya muhula. Watoto walitoka mapema na kafeel akasema yalla, nendeni makwenu. Barabara tupu. Nilifika Sharja jua likiwa bado juu, na zabibu mkononi. Ngazi nilizipanda mbili mbili. Mama Rukia akafungua mlango, akashtuka, akafurahi mpaka akapiga makofi.

"Rukia! Njoo! Baba amekuja! Msalimie baba!"

Rukia akatoka chumbani mbio. Nikachuchumaa, nikafungua mikono. Akanitazama, akanipita pembeni, akapanda kwenye kochi akachukua simu ya mamake. Akaiweka sikioni.

"Shikamoo, baba."

Akasubiri. Tukamtazama. Mimi kutoka pale chini nikasema, "Marahaba, mama." Akageuka kidogo, kama mtu anayesikia kelele dirishani, akaibana simu sikioni zaidi.

"Baba, uko wapi?"

Mimi ni mtu wa mzaha, mnanijua. Mzaha ndio ulionitoka, sikuwa na kingine. Nikasema, "Niko njiani, mama."

Akaridhika. Akaweka simu chini. Halafu akanijia mimi, mgeni, na adabu zote alizofundishwa, akanieleza kwa upole: "Baba yuko njiani. Kaa, atakuja."

Mama Rukia alicheka. Halafu akaacha kucheka. Akachukua zile zabibu akaenda jikoni kuziosha, na ule mfereji wetu ukawa unamwaga maji muda mrefu sana kwa zabibu kidogo zile.

Usiku huo hatukugombana. Ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Likoni nilikuwa na mume wa simu na mamangu yuko karibu. Hapa nina mume wa simu na sina mtu. Chagua, Baba Rukia. Tukae ulipo wewe, ama unirudishe."

Nikajaribu. Msije mkasema sikujaribu. Kwanza niliulizia kazi Sharja. Ammi Seif alijua mahali wanataka dereva. Lakini viza ya mke na mtoto ilikuwa mkononi mwa kafeel yule yule aliyenifanyia wema. Nikimuacha, wema unafutwa, wote tunaanza upya, na mke akisubiri kwao. Hakunitisha hata kidogo. Alinikumbusha tu, kwa tabasamu.

Pili nilimpeleka Mama Rukia kutazama chumba International City, karibu kabisa na yadi. Mwenye nyumba alikiita studio. Ilikuwa sebule ya mtu iliyokatwa kwa gypsum, kitanda kimegusa kuta pande tatu. Tumesimama ndani tunatazamana, mimi nikapiga chafya kwa lile vumbi la rangi. Sauti ya mwanamume upande wa pili wa ukuta ikajibu, taratibu, karibu kabisa na sikio la mke wangu: "Yarhamukallah."

Mimi nikacheka. "Majirani wacha Mungu," nikasema.

Mama Rukia hakucheka. "Masudi," akaniita. Jina, si Baba Rukia. "Mimi siwezi kuvua buibui humu."

Wakaondoka kabla shule hazijafunguliwa. Uwanja wa ndege Rukia alikuwa amelala begani kwa mamake, kwa hivyo hata hapo tulifuata desturi. Nilimtazama mpaka walipopita kwa askari. Pale geti lilikuwepo, muhuri ulikuwepo, foleni ilikuwepo. Mambo yote niliyokuwa nayatafuta na kanzu yangu ya pasi.

Nikarudisha nyumba ya Sharja. Nikahamia kitanda kimoja International City, na yule mcha Mungu wa chafya akawa jirani yangu. Mtu wa Lamu, mwema sana, alinikoromea miaka. Jioni ya kwanza nilimaliza kazi, nikapanda basi la mji, na kabla sijakaa vizuri nimefika. Jua bado liko. Nikaketi kitandani na viatu. Nilikuwa nimefika, na sikujua mtu akishafika anafanya nini. Nikapiga simu. "Uko wapi?" akauliza Rukia. Nilitazama ukuta. Nikamwambia niko njiani, maana ndilo neno alilolijua.

Yaliyobaki ni kazi, na kazi nyingi mnaijua. Ammi Seif alistaafu, akawa anakuja yadi kunywa karak na kutukosoa, halafu akawa haji. Hakuwahi kuniambia "nilikuambia". Nilimsubiri aseme nimchukie kidogo, hakusema. Nilifunza madereva wengi kwa ile gilasi ya chai, na wewe Bakari ulimwaga kuliko mimi. Salma alikua, akawa na aibu ya kusema shikamoo mbele ya wenzake, akawa anainua nyusi tu. Nikaitikia kwa nyusi. Juzi tu, kabla sijamaliza, gari dogo jeupe lilisimama kando yangu kwenye taa, dirisha likashuka, mwanamke mzima ndani: "Ammi Masudi! Shikamoo!" Taa ikawa kijani akanipita kama risasi. Breki yake mbaya. Lakini sauti niliijua kabla sijaona uso, na nilipofika yadi nikatembea mpaka nyuma ya basi, nikaketi kile kiti kirefu kidogo. Basi halikuwa na mtu. Nilikuwa nahakikisha.

Maana huyo mtoto wa watu nilimjua sauti ya asubuhi, sauti ya homa, sauti ya kulia njiani kwa sababu hakumaliza kazi ya shule. Wangu nilimjua sauti ya simu.

Sasa Bakari, unataka jibu. Usikague vyumba. Vyumba ni vizuri, nilivikagua mimi. Kaa hapo Sharja jioni moja, barazani, uone magari yanapofika. Halafu umuulize mkeo mtoto analala lini. Ukiona mtoto analala kabla ya magari, fanya unavyotaka, lakini usimwambie mkeo mtaishi pamoja. Mwambie mtaishi miji miwili jirani. Na ukisema Mzee Masudi ana uchungu, ni kweli. Nina uchungu, na nina saa ya ukutani.

Nimalize na habari za nyumbani, mliniuliza ninaendeleaje. Naendelea. Mama Rukia ananipikia, ananiita Baba Rukia, ananikaribisha kama mgeni wa heshima. Rukia ni mtu mzima, anafanya kazi kwenye duka la dawa hapa Likoni, jioni anarudi. Akinikuta sebuleni anasema shikamoo vizuri, kwa adabu, halafu tunaketi. Namuuliza kazi vipi, anasema nzuri. Ananiuliza nimekula, nasema nimekula. Halafu tunatazama televisheni wote wawili kwa bidii sana, kama tutapewa mtihani.

Wiki iliyopita nilishindwa. Nikasema naenda kununua vocha. Nikatoka, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaketi kwenye lile tofali karibu na tangi la maji, nikampigia.

Akashika mlio wa kwanza. Sauti nyingine kabisa! Akaanza kunieleza habari za bosi wake, mteja mmoja mkorofi aliyerudisha dawa ya kikohozi chupa ikiwa tupu, akacheka, nikacheka, akaniambia na jambo jingine ambalo siliandiki hapa, la kijana fulani. Tumezungumza mpaka mbu wakanishinda. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, nilikuwa namsikia kwa masikio mawili, la simu na la kawaida. Sijui kama na yeye alikuwa ananisikia hivyo. Hakusema.

Kisha akauliza, kama zamani:

"Baba, uko wapi?"

Nikasema, "Niko njiani, mama."